Tundu la Kulia Lilivyomnyamazisha Baba Mkwe

Kosa ni langu, si la shemeji. Naliandika hapa juu kabisa kwa sababu najijua: nikipewa nafasi ya kujieleza, nitamtupia Wafula lawama tena kabla sijafika katikati.

Mimi ni mtu wa nyumba. Naishi Kitale, nachapia watu programu za harusi na mazishi nikiwa sebuleni, na nikitoka nje ya geti ujue maziwa yameisha. Kompyuta yangu ni ya zamani. CPU inakaa chini ya meza, imeupa ukuta mgongo, na matundu yote ya flash yako huko nyuma. Kila mteja akileta flash, mimi huyo, magoti chini, makalio juu, tochi mdomoni. Mke wangu Nekesa akipita anauliza, "Baba Shiru, leo umepata mayai mangapi?"

Nikachoka kuwa kuku. Nikanunua kile kibao cha matundu mawili kinachofungwa mbele ya mashine, pale CD ilikuwa ikiingia. Muuzaji akaniuliza kama nina fundi. Nilimwangalia kama mtu aliyenitusi. Si nilimaliza form four, bana?

Kila tundu lilikuwa na kichwa chake cha nyaya nne cha kuchomeka ndani ya mashine. Cha kwanza nilikichunguza vizuri. Cha pili, ugali ulikuwa umeshafika mezani. Nikakisukuma hivyo hivyo, kikaingia. Kumbe kimeingia kinyume, waya mwekundu umekaa mahali pa mweusi. Tundu la namna hiyo halisomi flash. Linaipika.

Nikajaribu tundu la kushoto, likafanya kazi. Nikamwita Nekesa aje aone maendeleo.

"Na la kulia?" akauliza.

"Hayo ni mapacha," nikamwambia, kama mtu aliyeyazaa.

Baadaye nikaweka flash yangu ya nyimbo kwa lile la kulia. Ikapata moto, ikanuka plastiki, ikafa. Hapo nilijua. Kukigeuza kile kichwa ni kazi ya kumaliza kabla chai ipoe. Lakini ningefungua mashine mbele ya Nekesa, na nilikuwa nimejisifu hadi kwa majirani. Nikaamua nitatumia la kushoto tu. Kwani nani mwingine hugusa kompyuta yangu?

Wafula.

Wafula ni kaka ya Nekesa, anaishi kwao Sirisia. Hatujawahi kupendana. Huniita bibi harusi kwa sababu sitoki ndani, na mimi nikisikia sauti yake kwa geti hukumbuka ghafla kwamba nina kazi nyingi.

Baba yao alipofariki, Nekesa alikuwa hospitalini, ametoka kujifungua kwa upasuaji. Akakosa mazishi, akakosa na kumuse. Mimi sikujua uzito wa hiyo kumuse. Watu wetu walitoka Mkoa wa Kati wakahamia huku, na sisi tukishazika tunarudi shambani. Kwa Wabukusu, watu wa kina Nekesa, mzee mkubwa akishazikwa, anakuja mzee mwingine mwenye kipaji hicho. Anasimama mbele ya watu, anasimulia ukoo, maisha ya marehemu, na namna waliobaki wanapaswa kuishi. Yanasemwa mara moja, basi.

Msemaji alikataza kurekodiwa kwa simu, akaruhusu ya Wafula peke yake kwa kuwa ni mtoto wa marehemu. Simu ikajaa. Wafula akapeleka sauti kwa flash pale Bungoma mjini, akafuta kwa simu, akaja nayo Kitale mwenyewe kwa sababu hakuamini kumpa mtu.

Nekesa alifunga kitambaa kichwani, akakaa na mtoto mapajani kama aliye kanisani.

"Bibi harusi, sogea," Wafula akasema. "Leo naweka mimi."

Niliuona mkono wake ukienda kulia. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Ningesema "weka kushoto," maneno mawili tu. Lakini angeuliza kwa nini, na angecheka kutoka hapo mpaka Sirisia. Nikafunga mdomo.

Harufu ikatoka.

"Mbona inanuka?" Nekesa akauliza.

"Flash yake ni feki," nikasema. "Shemeji, hii ulinunua kwa wale wa kutandika chini?"

"Juzi imesoma Bungoma!"

"Huko Bungoma kila kitu kinasoma."

Nekesa hakunitazama hata. Alimgeukia kaka yake. "Wafula, ulifuta kwa simu? Ulimfuta baba?"

Wafula aliondoka bila kugusa chai. Mafundi waliifungua ile flash, wakasema imeungua mpaka ndani. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawasalimiani, na huko kwao Wafula ni yule aliyepoteza maneno ya mzee. Mimi nilikuwa nachochea. Nekesa akilia, namwambia, "Ati kaka yako, huyo ni mtu wa kupewa kitu?" Nilikuwa nafurahia, siwafichi.

Majuzi nikiwa bafuni Nekesa akataka kuangalia picha za mtoto. Nilipotoka na taulo, nyumba ilikuwa inanuka. Alikuwa ameishika flash ya picha kwa kiganja, bado ina joto.

"Harufu ni ile," akasema.

Nikakaza taulo.

"Ulijua kabla Wafula aweke, ama ulijua baadaye?"

"Kabla."

Alinituma Sirisia kesho yake, mimi ambaye hata sokoni siendi. Wafula alikuwa anapukuchua mahindi uani. Hakunipa kiti. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kisha nikaongeza upuzi: kwamba tungemwomba yule msemaji aje arudie.

"Arudie?" Wafula akasema. "Tumfukue baba, tumzike upya, ndio wewe ujaribu tundu la kushoto?"

Akaendelea na mahindi yake.

Siku hizi Nekesa anapigia shangazi zake simu, mmoja mmoja, aokote walichokumbuka. Mmoja amemwambia kwamba msemaji alimtaja kwa jina, yule binti aliye hospitalini, akatoa ujumbe ambao baba yake alimwachia. Ni ujumbe gani, shangazi hakumbuki.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna kitu kwako unajua ni kibovu na umenyamaza ukiomba mtu asikiguse, kitaguswa. Atakayekigusa ni yule usiyempenda, na atakuwa amebeba kitu cha mtu unayempenda. Sema kabla mkono ufike. Wacha wakucheke.

Kile kibao nimeking'oa. Mbele ya mashine pamebaki shimo, nami nimerudi chini ya meza, magoti chini, tochi mdomoni. Nekesa anapita. Haulizi mayai.