Sketi ya Kupigia Chelo

Mwezi uliopita nilirudi Kashozi kumzika sista aliyenifundisha chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi na kuibana katikati ya magoti. Basi liliposimama Muleba nilinunua senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, kama zamani. Nikawala mpaka wakaisha, na ladha sikuisikia.

Zamani, ndugu yangu, mchana wa kwetu ulikuwa wa kugeuza kahawa. Ilianikwa uani juu ya mikeka, nasi tuliigeuza kwa miguu, nyayo zikiungua, huku bibi akimenya ndizi na kutusimamia kwa jicho moja. Kazi ikiisha nilikimbia parokiani. Chumba cha sista kilinukia ubani na mbao zilizolowa mvua, na humo nilizikwaruza nyuzi mpaka kuku wa padri wakahama dirishani.

Jirani akampelekea bibi habari kwamba mjukuu wake anakaa kwa sista amepanua miguu. Bibi akaja na kisu cha ndizi bado mkononi.

“Sista, mtoto wa kike anakaaje hivyo?”

“Kasinge waitu, mama,” sista akamwamkia. “Keti kwanza umsikilize.”

Nikapiga wimbo mmoja wa kanisani. Bibi akainuka, akaweka kiganja juu ya ubao wa chelo, akaniashiria niendelee.

“Kumbe kuna kitu kinacheza humu ndani,” akasema taratibu. “Kama mtoto tumboni.”

Jumapili iliyofuata alinipa sketi aliyoishona mwenyewe, pana, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu. “Haya, sasa kaa utakavyo.”

Sketi ile ndiyo iliyonifikisha nilikofika: chuo cha muziki ng'ambo, okestra, kisha Dar es Salaam, ninakofundisha mchana na kupiga kwenye kumbi jioni. Bibi alifariki nikiwa ng'ambo. Simu ilinikuta najiandaa kwa onyesho. Nikavaa nguo nyeusi kama wenzangu, nikapiga mpaka mwisho, watu wakasimama kupiga makofi. Nikasubiri machozi. Hayakuja, na nadhani tangu hapo mikono inafanya kazi yenyewe.

Kwenye mazishi ya sista nilipiga bila kosa hata moja. Akina mama walilia kwa sauti. Mtawa kijana akanishika mkono.

“Dada, ulihisi nini ulipokuwa unapiga?”

“Nilikuwa nahesabu mapigo.”

Akacheka, akidhani natania.

Baadaye nilipita nyumbani. Uani pameota majani. Chumba cha muziki kule parokiani sasa ni stoo ya viti. Nilisimama mlangoni nikingoja kuumia, kisha nikaenda zangu.

Niliporudi Dar nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja apige kwa moyo. Akafumba macho, akapiga. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

“Mwalimu, ndivyo?”

Nikamwambia ndivyo.