Fundo la Pili

Chumba cha mvuke kiko chini kabisa ya hospitali, mwisho wa korido, na mwanamke anayefanya kazi humo wanamwita Dada Mvuke. Jina lake halisi limo kwenye faili la ajira, lakini hata karani anayelitunza faili hilo humwita Dada Mvuke. Kazi yake haijabadilika kwa miaka kumi na tisa. Vyombo vya upasuaji vikiletwa vichafu, anavisugua, anavipanga kwenye sinia, anavifunga kwa kitambaa cha kijani na kamba, kisha anaviingiza kwenye mashine kubwa ya mvuke iviue vijidudu. Mashine ikipiga kengele, anavitoa, anaviacha vipoe, anavipanga rafuni. Huko juu wakihitaji furushi, humtuma mtu kulichukua. Wagonjwa hawamjui, naye hawajui, na kusema kweli hali hiyo aliipenda.

Mzunguko mmoja wa mashine unachukua dakika arobaini na tano. Huko nyuma dakika hizo alizimaliza kwa kufuma vitambaa vya makochi, mpaka ndugu zake wote wakaanza kuvikataa kwa adabu. Ndipo binti wa dada yake alipomwekea mchezo kwenye simu.

Mchezo wenyewe ukiusimulia ni wa kitoto. Kuna boksi tupu, na matunda yanadondoka moja moja kutoka juu. Kazi yako ni kuchagua pa kuyaangushia. Zabibu mbili zikigusana zinageuka ndimu. Ndimu mbili zinakuwa chungwa, machungwa mawili yanakuwa embe, kisha papai, kisha nanasi, na mwisho wa yote tikiti maji. Boksi likifurika, basi, unaanza upya. Dada Mvuke alikuwa hajawahi kulitia machoni hilo tikiti maji. Nanasi la kwanza alilipata kila siku. La pili lilimpiga chenga kila siku. Usimcheke. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa na mashine inayonguruma ana haki ya kuhangaikia nanasi.

Sasa, kuhusu mafundo. Zamani kila furushi lilibandikwa utepe mweupe ambao ukipita kwenye mvuke hutoka mistari myeusi. Ukiona mistari, unajua furushi limeiva. Utepe ulikwisha, stoo wakaahidi kuleta, wakaahidi tena. Dada Mvuke ndiye aliyepata ufumbuzi: furushi ambalo halijaingia kwenye mashine lifungwe fundo moja, likitoka, aongeze la pili. Fundo moja, bado. Mafundo mawili, tayari. Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji, mama asiye na mazoea ya kumsifu mtu, alishuka ngazi mwenyewe kumwambia kwamba hapo ametumia akili. Siku mbili nzima Dada Mvuke alitembea kama aliyepewa cheo.

Hakuna aliyekumbuka kwamba utepe hubadilishwa na mvuke, na fundo hufungwa na mkono tu.

Asubuhi hiyo mashine ilikuwa inanguruma na mzigo wa kwanza. Mezani, kando ya sinki, alikuwa anafunga mafurushi ya mzigo wa pili, na simu ameiegemeza kwenye dumu la sabuni. Alifunga fundo, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akafunga, akagusa. Boksi lilikuwa limefika pabaya, matunda yamejaa mpaka karibu na mstari, lakini chini kulikuwa na nanasi, na juu yake mapapai mawili yametenganishwa na chungwa moja kaidi. Mhudumu wa juu akachungulia mlangoni.

"Dada, nipe furushi la upasuaji wa tumbo, kubwa. Wanakaribia kuanza."

"Hilo hapo," alisema, akamkabidhi bila kuinua macho.

Mhudumu akaondoka. Chungwa likapata mwenzake, likawa embe na kuteleza pembeni. Mapapai yakagusana yakawa nanasi, nanasi likadondoka juu ya nanasi, na kioo chote kikajaa duara la kijani lenye mistari. Tikiti maji. Dada Mvuke alicheka peke yake kwa sauti. Akafuta mikono kwenye aproni, akageukia meza ili amalizie kazi yake kwa furaha, na macho yake yakaangukia furushi la karibu.

Lilikuwa na mafundo mawili.

Akaligusa. Lilikuwa baridi, na kitambaa chake kilikuwa na unyevunyevu wa meza. Halikuwa limeuona mvuke. Akatazama la pili, mafundo mawili. La tatu, fundo moja. La nne, mawili. Mikono yake ilikuwa imefunga na kufunga tena huku yeye akihangaika na mapapai.

Akayatazama mafundo hayo, safi, yamekazwa vizuri, mafundo ya mtu anayejua kazi. Kisha akajiuliza: lile alilompa mhudumu lilitoka wapi? Rafu iko kulia, meza iko kushoto. Alinyoosha mkono upi? Alijaribu kukumbuka uzito wake, akakumbuka embe. Alijaribu kukumbuka kama lilikuwa kavu, akakumbuka rangi ya nanasi. Rafuni kulikuwa na mafurushi makubwa mawili. Asubuhi yalikuwa mawili au matatu? Na hapa mezani alifunga manne au matano? Kila alichokitafuta kichwani mwake alikuta tunda.

Hofu ina ujanja wake, nayo ilianza kumbembeleza. Huenda lilitoka rafuni. Huenda hivi sasa huko juu kila kitu ni salama, na yeye anataka kujichomea utambi bure. Na hata kama halikutoka rafuni, kidonda kikioza baada ya wiki, nani atashuka mpaka huku chini kuuliza? Watasema mgonjwa alikuwa dhaifu, watasema hewa, watasema chochote. Afungue fundo la pili kwenye mafurushi haya matatu, ajitie hamnazo. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kushika kamba ya furushi la kwanza.

Akaiachia. Aliogopa zaidi ya alivyowahi kuogopa, na ajabu ni kwamba hofu hiyohiyo ndiyo iliyomtoa mlangoni. Hakungoja lifti. Alipanda ngazi za ghorofa tatu mbiombio, mwili wa miaka hamsini na moja, aproni imelowa, na alipofika juu pumzi ilikuwa imekatika. Mbele ya chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni ambao mtu mwenye viatu vya nje haruhusiwi kuuvuka. Hata siku hiyo hakuuvuka. Alisimama ukingoni akaita.

"Sista! Msilitumie lile furushi!"

Sista Mkuu akatokea, barakoa imeshuka kidevuni. "Kuna nini, mwenzangu?"

"Furushi la tumbo. Sina hakika kama limepita kwenye mvuke."

"Lina mafundo mawili. Nimeyaona mwenyewe."

"Nimeyafunga vibaya, Sista. Nilikuwa nacheza kwenye simu."

Sista Mkuu alirudi ndani, na mlango ukafungwa. Dada Mvuke alibaki pale ameutumbulia macho mstari mwekundu. Hakujua amewahi au amechelewa, wala hakuwa na njia ya kujua. Alisikia vyuma vikigongana na sauti ya mwanamume ikifoka. Alianza kuomba, akajikuta anarudia neno moja tu, tafadhali, tafadhali.

Mlango ukafunguliwa.

"Walikuwa wamekwisha kufungua kitambaa cha nje tu," alisema Sista Mkuu. "Mgonjwa hawajamgusa. Kuna furushi la akiba kabatini, lina utepe wa zamani. Watatumia hilo."

Dada Mvuke akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa aproni iliyonuka sabuni. Alikuwa tayari kwa lolote, kufokewa, kuandikiwa barua, kufukuzwa. Angeipokea barua hiyo kwa mikono miwili na kushukuru.

Lakini Sista Mkuu hakufoka. Alivua glavu taratibu, akazikunja, na sura yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu asiyoitaka.

"Huo mchezo," aliuliza, "umeanza kuucheza lini?"

Dada Mvuke alifungua kinywa kujibu, kisha akaelewa alichoulizwa. Njia yote ile ya ngazi alikuwa amewaza furushi moja na mtu mmoja.

"Wiki ya tatu hii," alisema.

"Kila siku?"

"Kila siku, Sista."

"Na yaliyotoka siku zote hizo, unayakumbuka?"

Alitikisa kichwa.

"Ya rafuni utayarudisha yote kwenye mashine," alisema Sista Mkuu. "Hayo ndiyo mepesi. Osha mikono, vaa koti safi, tuanze wodini, kwa waliopasuliwa."

Waliongozana. Wodi ilikuwa na jua, madirisha wazi, vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kina mtu. Dada Mvuke alikuwa hajawahi kuingia humo. Kwenye kitanda cha kwanza mwanamke wa makamo alikuwa ameketi akichana nywele, na alipowaona alitabasamu.

"Shikamoo Sista. Leo mmekuja wawili."

"Marahaba, mama. Tunaomba tuuangalie mshono wako."

"Si mliuangalia asubuhi?" Kitana kikasimama nywelani. Mwanamke akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Kuna nini?"

Sista Mkuu akamgeukia Dada Mvuke, akamwachia yeye ajibu.