Mfalme wa Ndoo ya Chokaa

Apollonia alikuwa akipaka rangi picha za vitabu pale Ulm, mji wa Ujerumani, tangu alipoolewa. Mumewe alipokufa, chama cha mafundi kikampa hadi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli: aolewe na fundi, au afunge karakana. Aolewe na nani, jamani? Na yule Veit anayesinzia na brashi mkononi? Akaenda kwa wazee wa chama kuomba aachiwe karakana iwe yake mwenyewe, wakasema watafikiria. Wazee wakisema watafikiria, ujue kuna kitu wanakitaka.

Kweli, kesho yake mmoja wao, mzee Lienhart, akaja na kitabu chake kipya, picha zote bado hazina rangi. Akakifungua penye Malkia Dido akijenga Karthago: malkia kasimama katikati ya waashi, anawaelekeza ukuta upite wapi.

"Mumewe yuko wapi?"

"Kafa, mzee. Ndiyo maana akahama, akaja kujenga mji wake."

"Sasa hawa waashi wanamsikiliza nani?"

"Si yeye! Kwani humwoni?"

"Haipendezi, mama. Nitilie mfalme hapo."

Apollonia alitamani kumtupia kopo la rangi. Mfalme atoke wapi, na picha imeshachapwa? Lakini Lienhart akipiga kura, wenzake humfuata, na mkono usioweza kuukata, ubusu. Akamchukua mwashi mmoja aliyebeba ndoo ya chokaa, akamvika joho jekundu na taji la dhahabu. Ndoo akamwachia makusudi, kwa hasira.

"Eh! Mbona kama mimi!" Lienhart akacheka alipokuja kuchukua kitabu chake.

"Hasa hiyo ndoo," akajibu Apollonia.

Siku ya kikao Lienhart akasimama kumtetea, na mjane wa watu akashusha pumzi.

"Karakana isifungwe," alisema mzee. "Mama ataendelea na kazi, mimi nitaisimamia kwa jina langu."

"Wewe? Kwa lipi?" Apollonia akaruka. "Mimi nimeomba iwe yangu!"

Lienhart akafungua kitabu, akawasogezea wenzake. "Hata Dido hakujenga peke yake. Mfalme wake huyu hapa."

Wazee wakainama kutazama, wakaguna kukubali.

"Mfalme gani! Huyo ni mwashi! Nimempaka mimi, kwa mkono wangu huu!"

"Tunajua, mama," Lienhart akamwambia kwa upole, akifunga kitabu. "Na umempaka vizuri sana."