Aliyefungua na Asiyefungua

Moshi wa kuni mbichi ndio ulioniamsha kila asubuhi msimu ule. Ulipanda kutoka kambi ya wakimbizi ya Benaco, ambako vilima tulikochungia mbuzi vilikuwa vimegeuka mji wa maturubai, ukaingia hadi ndani ya mablanketi yetu. Huko ndiko alikotoka Mama Konsolata, mjane Mnyarwanda aliyekuja na bintiye kutulimia maharage ili apate ndizi za kupika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mama yangu alimpenda kama ndugu.

Jumapili moja baada ya misa tulikwenda naye ukumbi wa parokia kutazama tamthilia kwenye televisheni ya jenereta. Mlinzi wa tajiri mmoja alitishwa na maadui wa bwana wake, akawafungulia lango. Sisi watoto tulimzomea hadi koo zikatukauka. Jioni, tukipukuchua maharage uani pamoja naye na bintiye, baba yangu, aliyekuwa katekista, alitukanya.

"Aliyeshikwa na hofu si mtu huru," alisema. "Na asiye huru, kosa lake ni nusu."

"Nusu ya pili anaibeba nani, Baba Stefano?" aliuliza Mama Konsolata.

Lililo moyoni, ulimi huiba. Mama Konsolata akaendelea mwenyewe, macho yake kwenye maharage: "Yule alifungua. Mimi sikufungua. Jirani yangu alibisha mchana kweupe, mtoto mgongoni, wauaji nyuma yake, akiniita kwa jina. Nilimziba Konsolata mdomo mpaka sauti ya nje ikakoma. Mwanangu yu hai. Niambie, katekista, mimi kosa langu ni kiasi gani?"

Mama yangu alimshika mkono. Baba alianza kuzoa maganda. Konsolata, rika langu, alizidi kupukuchua kana kwamba hakusikia.

Tangu hapo nilimwangalia mama yake shambani. Mara kwa mara alinyoosha mgongo ghafla, akageukia migomba isiyo na mtu, akaitika, "Ndaje," yaani nakuja. Kisha akainama kulima.

Kambi ilipofungwa waliondoka na umati, na hatukusikia habari zao tena. Siku hizi wanangu hutazama tamthilia kila jioni, hapa Ngara mjini. Huniuliza mapema mbaya ni nani, wapate wa kumchukia. Nilipokuwa na umri wao nilimjua mara moja. Sasa mimi huwaambia wangoje, nao huchoka kunisubiri, wakachagua wenyewe.