Nilipanda kiwi Kakese, nikakata mmoja kwa raha zangu, sasa sielewi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hii imenikuta mimi mwenyewe, na siongezi chumvi maana aibu iliyopo inatosha.

Niko Kakese, hapa pembeni ya Mpanda mjini. Miaka minne iliyopita shemeji yangu anayeishi Mbeya aliniletea miche minne ya kiwi, yale matunda yenye manyoya mnayoyaona supermarket. Nikamwomba baba kipande chake cha shamba la karanga nyuma ya nyumba.

Mzee akakubali kwa shingo upande. "Mpaka msimu wa nne. Nisipoona tunda, narudisha karanga zangu."

Sasa huu mmea una vituko. Siyo mti, ni kamba. Unapanda kwa kujizungusha, ukiukosesha nguzo unashika chochote kilicho karibu. Siku moja nilikuta umelivuta shati langu la kanisani kutoka kwenye kamba ya nguo, mkono umefungwa kabisa.

Halafu paka. Paka wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kugaagaa kwenye shina. Jirani akaanza kuniuliza nimefukia nini pale. Hata mimi nilikuwa nashangaa, baadaye ndiyo nikaambiwa harufu ya kiwi huwavuta paka.

Msimu wa tatu, mmoja ukatoa maua. Meupe, mengi, katikati yana unga wa njano. Nikapiga picha, nikaweka status. Yakapukutika yote, tunda hamna.

Mzee akaja, akaangalia, akacheka. "Hilo dume. Kata, linamaliza mbolea bure."

Wakuu, kwetu hilo halina mjadala. Mpapai ukionekana ni dume, panga. Nimekua naona hivyo. Nikaukata, nikang'oa na mizizi, tena huku napiga mluzi.

Msimu wa nne ile mitatu iliyobaki ikachanua kwa pamoja. Nilifurahi jamani! Nikaongeza samadi, nikamwagilia, nikafukuza paka. Baada ya wiki mbili maua yote chini. Hata kitunda cha ukubwa wa harage sikuona.

Hapo akili ikagoma. Samadi imezidi? Maji? Au jirani na maneno yake? Nilifikia mpaka huko, nakiri.

Mzee akaja na jembe begani. Nikamwomba dakika tano, nikampigia yule wa Mbeya aliyemuuzia shemeji ile miche, simu nikaweka loudspeaker ili naye asikie.

Muuzaji akauliza swali moja tu: "Dume lako linachanua vizuri?"

Nikamwambia nililikata msimu uliopita.

Akaeleza kwamba kiwi jike halizai bila dume karibu. Ule unga wa njano ndiyo kazi yenyewe, nyuki wanaubeba kwenda kwa majike. Alituwekea dume moja kwa majike matatu makusudi. Shemeji hakuniambia, na mimi sikuuliza. (Kumbe hata mipapai yetu inazaa kwa sababu kuna dume la mtu limesalimika mahali.)

Kabla sijapumua, akaongeza: "Ila huko kwenu joto. Kiwi inapenda baridi. Huenda hata dume lingekuwepo usingepata kitu."

Sasa nishike lipi?

Mzee aliitazama ile mitatu. Akashusha jembe. "Kosa langu, panga lako. Tafuta dume jingine." Akaondoka, akaenda kupanda karanga zake kwenye kijisehemu cha mawe kando ya njia.

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia baba akisema kosa ni lake. Nilitamani angenigombeza tu.

Nilichojifunza: mmea mgeni usiuhukumu kwa sheria za mpapai. Uliza kwanza, panga baadaye.

Mwenye kiwi inayozaa sehemu za joto aje aseme, hata kama jibu ni chungu. Kila asubuhi mzee ananiuliza dume linafika lini, na mimi sijui kama namletea tunda au namnyima karanga mara ya pili.