Gundi Chini ya Zulia la Gari

Fundi viatu wa mtaani kwetu akifungua kopo lake la gundi, mimi huvuka upande wa pili wa barabara. Watu hudhani nina maringo. Si maringo, ndugu zangu. Harufu ile, hasa ikichanganyika na petroli, hunirudisha uani kwetu Misunkumilo, Mpanda, siku ambayo nyumba nzima ililitazama gari la baba kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Lilikuwa gari kuukuu la mkononi, refu kwa nyuma, ambalo baba alibebea mchele kutoka Kasansa kuja kuuza Mpanda mjini. Likizo zilipofika, nasi tulipanda humo kwenda kwa bibi, huko huko Kasansa. Mdogo wangu Yusta, ambaye hata kutembea alikuwa bado, alilazwa nyuma sakafuni juu ya kanga iliyokunjwa, na vioo tulivifunga kwa sababu ya vumbi. Alikuwa mtoto wa sifa, Yusta. Hakulia safari nzima. Tukifika, mama alimtikisa na kumwita weee ndipo afumbue macho, nasi tukamsifu kwa kupenda usingizi.

Shangazi Magreti, dada yake baba, hakumsifu. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Kuku wake akichelewa kutaga, basi jirani ana neno. Safari moja alipanda nasi kutoka Kasansa, akaona jinsi mtoto anavyoamshwa. Jioni, tukiwa tunakula, akalitoa lililomkaa rohoni.

"Nyie mnacheka tu. Huo si usingizi. Gari hili lina jambo, na linamtaka mtoto."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka. Nami, ambaye kichwa kiliniuma kila tuliposafiri, niliogopa kwelikweli.

Asubuhi, bila kumwambia mtu, baba alitoa viti vya gari uani na kubandua zulia la sakafuni. Tulipomuuliza, alisema anataka kuipaka sakafu rangi. Chini ya zulia kulikuwa na gundi ya zamani iliyoganda mabakamabaka. Alifungua milango jua liingie, gundi ikalainika, akaanza kuikwangua kwa kisu butu. Iliyogoma aliisugua kwa kitambaa chenye petroli, ikayeyuka na kutiririka nyekundunyekundu.

"Haya!" Shangazi aliweka mikono kichwani. "Damu hiyo! Gari hili lilibeba maiti, ndiyo maana wakaliuza."

"Ni gundi, dada."

"Gundi gani ina rangi ya damu? Na kama unataka kupaka rangi tu, si upake juu yake? Nani atainama huko chini kukagua?"

"Rangi haishiki juu ya gundi. Itabanduka."

Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikumridhisha mtu. Baba alisugua kidogo, akainama, akagonga bati kwa kidole, akasikiliza, akahamia pengine. Mama alimtazama kutoka mlango wa jikoni, Yusta mgongoni. "Kama halina kitu, mbona analichimba hivyo?" alininong'oneza. Majirani wakaanza kuja kuomba chumvi, na kwao chumvi ipo. Shangazi alimjibu kila mmoja kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa baba. Mpaka mimi nikaanza kumshuku baba yangu mzazi. Aliponibakizia chai kikombeni mwake, kama alivyozoea, siku hiyo niliikataa.

Mchana, pale pale Yusta alipokuwa akilazwa, kisu kilizama. Bati lilikuwa limeoza, limebaki tundu lililofichwa na gundi na zulia. Baba aliwasha gari, akaingia nyuma, akalala kifudifudi na kusogeza pua kwenye tundu. Aliinuka anakohoa. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka chini ya tundu hilo. Alizima gari, akaenda kwa mama, akamtoa Yusta mgongoni na kumkumbatia muda mrefu. Shangazi, kwa upande wake, alileta maji ya baraka akanyunyizia matairi yote. Baba, aliyebishana naye tangu utoto wao, safari hii alimwonyesha na tairi la akiba.

Tundu lilichomelewa, bomba likabadilishwa, sakafu ikapakwa rangi ya kijivu. Safari iliyofuata Yusta alianza kulia Kasansa na kulia njia nzima. Mama alimnyonyesha, akamwimbia, wapi! Mwishowe akaanza kumkaripia.

"Mwache," baba alisema, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mwache alie."

Nilidhani vumbi limemwingia. Miaka mingi baadaye, mwalimu wa sayansi alipotueleza kwamba moshi wa gari humlaza mtu asiamke tena, nililikumbuka tundu lile palepale darasani. Shangazi alikosea kuhusu damu, akakosea kuhusu maiti. Kuhusu usingizi tu ndiko alikopatia, nasi usingizi huo tulikuwa tukiusifu. Baba alikwisha kulijua hilo, na njia nzima ile hakutaka kilio cha Yusta kikome.