Aproni Mbili za Pazia Moja

Harufu ya kitambaa cha zamani kinapopigwa pasi ya makaa haijanitoka puani hadi leo. Ni vumbi, moshi, na kitu kama uji ulioshika chini ya sufuria. Kwa wengine hiyo ni harufu ya Jumapili na misa. Kwangu ni harufu ya msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, tukikaa Vulamba pembezoni mwa mji wa Butembo, siku mama yangu alipoteremsha pazia la sebuleni na kulinyoosha juu ya meza kana kwamba tunatarajia mgeni wa heshima. Mgeni tuliyemtarajia tulimjua vizuri. Vita vilikuwa vimepita kwetu, vikaondoka, na sasa vilikuwa vinarudi. Askari walibadilisha kofia na lugha, lakini njaa yao ilikuwa ile ile. Baba alikuwa amekwenda Kisangani kufanya biashara, njia ikafungwa nyuma yake, kwa hiyo mambo yote yalikuwa juu ya mama. Karibu na mlango tuliweka mzigo uliofungwa tayari: sufuria, blanketi na unga wa muhogo.

Mama hakuogopa risasi peke yake, aliogopa pia majina. Kwetu Wanande jina la mtoto linakuja na zamu yake ya kuzaliwa. Mimi ni Masika kwa sababu ni binti wa kwanza. Mvulana anayekuja baada ya wasichana ni Muhindo, na mtaa mzima una akina Muhindo. Siku za amani hilo ni jambo la kuchekesha tu. Lakini katika kukimbia kwa mwisho mama alikuwa amemwona mwanamke amesimama katikati ya barabara, anaita “Muhindo! Muhindo!” na wavulana wengi wakageuka. Wengine walimfuata kabisa. Walikuwa wamepotea nao, wakataka mama yeyote. Muhindo wetu, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitatu, tumbo mbele, haogopi mbwa wala mwanajeshi, na ukimuuliza mama yake anaitwa nani alijibu “Mama” kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Ndiyo maana pazia lilikatwa. Lilikuwa la rangi ya chungwa iliyokolea, lenye majani ya kahawia. Mama alipewa siku ya ndoa yake, na hatukuwahi kuona jingine kama hilo Butembo nzima. Alikunja kitambaa mara mbili, akaweka sahani juu yake na kuchora shingo kwa kipande cha mkaa. Makwapa aliyapima kwa kiganja. Alishona kwa mkono, uzi mara mbili, akichoma sindano na kuirudisha nyuma kidogo ili mshono usiachie ukivutwa. Kamba za kufungia mgongoni zilitoka kwenye pindo la pazia. Nilimuuliza kwa nini ashone aproni, asishone shati. Alinijibu bila kuinua macho: “Shati anaweza kulivula. Tabliye inafungwa nyuma, mutoto hawezi kuifungua.” Mwisho alibandika mfuko mkubwa kifuani, wa kutosha viazi viwili vya kuchemsha. Muhindo alitia mikono yote miwili mfukoni, akatembea uani akijiona chifu, nasi tukacheka sana.

Kicheko hicho kilimleta jirani yetu. Tulimwita Mama Samaki kwa sababu aliuza tilapia zilizopandishwa kutoka Kyavinyonge, kule ziwani. Naye alikuwa na Muhindo wake, wa umri ule ule. Alisimama mlangoni, akatazama, akaelewa bila kuelezwa.

“Mama Masika, kapande kalikobakia unifanyie na miye. Wangu nitamujua na nini?”

Mama alicheka na kumwambia aingie. Hakufikiri hata kidogo. Mtoto wa jirani alikula kwetu na wa kwetu alikula kwake, sasa angemnyima kitambaa? Kilichobaki kilitosha aproni ya pili, ila mfuko haukupatikana. Wale wavulana wawili walianza kutembea wameshikana mikono, watu wakawaita mapacha.

Tulikimbia asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mikaratusi. Mama alibeba mzigo kichwani na mdogo wetu wa mwisho mgongoni, mimi nilibeba sufuria, na wale mapacha walitangulia mbele ya Mama Samaki, mkono kwa mkono. Rangi ile ilionekana vizuri mno. Mahali ambapo wengine walifuata barabara ya Beni na wengine waliteremka kuelekea ziwani, bunduki zililia kutoka kilimani. Watu wote walijitupa kwenye migomba. Tulipoinuka, Mama Samaki alikuwa ameshika mguu wake unaotoka damu, na mbele yake hapakuwa na rangi ya chungwa. Mama aliita jina hadi sauti ikakatika. Wavulana wengi waligeuka.

Beni tulilala darasani pamoja na familia nyingine, tukila maharagwe ya paroko. Bunduki ziliponyamaza tulirudi Butembo, na hapo wachuuzi wa samaki wakaleta habari: kuna mtoto Kyavinyonge, anaitwa Muhindo, amevaa tabliye ya rangi ya chungwa. Mmoja tu. Mama aliwauliza kuhusu mfuko. Hakuna aliyeangalia. Mama Samaki alitaka kwenda, mguu ukakataa, basi mama akaenda kwa niaba ya wote wawili. Sijawahi kusali kama siku zile, na nilichoomba nakikumbuka: niliomba mtoto wa Mama Samaki awe ndiye aliyekufa.

Mama alisimulia mara moja tu. Alimwona mtoto amechuchumaa kati ya mitumbwi, mgongo kwake, na kamba za aproni zimefungwa kwa fundo ambalo yeye mama alilifunga kwa mkono wake. Aliita. Mtoto akageuka. Kabla ya kuona uso aliona kifua kitupu, bila mfuko. Alimwosha, akampa chakula, akamuuliza mwenzake yuko wapi. “Aliniachia mukono,” mtoto alisema. Mama alimbeba mgongoni mlima mzima hadi Butembo. Mama Samaki alipomwona mwanawe alipiga kelele ya furaha, kisha akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Baadaye alituletea ile aproni, imefuliwa na kukunjwa. Mama aliirudisha.

“Hii ni ya mutoto wako,” alisema. “Ya wangu, yeye mwenyewe iko nayo mu njia.”

Aliamini hivyo hadi dereva mmoja wa lori alipopita. Alikuwa anapakia vitunguu sokoni, akasikia mama anauliza wasafiri kama kawaida yake. Akatingisha kichwa.

“Mutoto wa tabliye ya orange? Nilimuona Kanyabayonga, pa lori ya batu benye kukimbia. Nilitaka kumushusha, maana nilisikia mama yake anamutafuta. Lakini bakaniambia mama yake alisha kumupata kule Kyavinyonge. Basi nikajua ni mwengine. Nikamuacha.”

Mama hakulia. Alimuuliza tu kama kulikuwa na mfuko. Dereva alifikiri, akasema ndiyo, na mtoto alikuwa ametia mikono ndani yake. Tuliuliza Kanyabayonga, tukauliza mbele ya Kanyabayonga, mwaka baada ya mwaka. Lori lile halikuwa na mtu anayelikumbuka.

Sasa mimi ni mama, na Beni watu wanakimbia hadi leo. Kila asubuhi nampiga mwanangu picha kwa simu, nguo alizovaa zote, halafu namwacha aende. Watu hunicheka. Juzi shule ya chekechea ilidai aproni, nikanunua kitambaa cha kijani chenye miraba nikaishona kwa mkono, na mama yangu, mzee sasa, ameketi mkekani kando yangu. Jirani yetu mpya, binti aliyekimbia kutoka Beni na mtoto wake mdogo, alisimama mlangoni.

“Mama, hakukubakia hata kapande? Wa kwangu hana.”

Niligeuka kukichukua kipande kilichobaki. Punde tu kilikuwa hapo mkekani, kipande kizuri, cha kutosha aproni na mfuko wake. Sikukiona.

“Kimeisha, mwana wangu,” mama alimwambia kwa upole. “Kimeisha kabisa.”

Binti alishukuru akaenda. Mama yangu, aliyelikata pazia la ndoa yake akicheka, hakusogea. Alikuwa amekikalia.